Uzi wa wazazi wa Arusha na Moshi: mtoto kachemka usiku, kila mtu anasema ni meno

Mama Wawili wa Sakina (Jumatano, saa 4:15 asubuhi)

Habari za humu ndani. Mimi huwa nasoma tu, siandiki. Leo naandika kwa sababu wiki iliyopita nusura nimpoteze mwanangu wa pili, na nikihesabu naona kama saa kumi na nne zilipotea kwa neno moja: meno.

Mtoto ni wa kike, ana miezi saba. Alianza kuchemka Jumanne mchana. Hana mafua, haharishi, kifua kimya. Analialia tu na uji anausukuma kwa ulimi. Mnaoishi Arusha mnaijua Julai ilivyo, ukungu mpaka saa nne na jua likitoka halina nguvu. Nikasema ni baridi imempiga. Nikamvalisha sweta mbili, soksi, kofia ya kufuma, halafu nikamfunika blanketi zito la manyoya.

Mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Machame. Akapitisha kidole kwenye ufizi, akaniambia, "Mama, jino hilo linakuja. Hata baba yake alichemka hivihivi." Jirani akasema meno. Dada wa duka la dawa nilipompigia simu naye akasema meno. Watu watatu wanaotupenda wakisema neno moja, unapata wapi ubishi?

Ndani nilikuwa na paracetamol ya maji iliyobaki tangu enzi za kaka yake. Nikampa nusu ya kijiko kidogo, maana ndivyo nilivyozoea kumpa kaka yake alipokuwa mdogo. Joto halikushuka. Jioni shangazi yake akaleta dawa ya mafua ya watoto, nikampa hiyo pia. Sikusoma kibandiko. Kumbe humo ndani mna paracetamol hiyohiyo.

Saa 2 usiku kipimajoto cha kwapani kilisoma 39.6. Tukasema tusubiri kupambazuke, usiku kuna baridi na mtoto ataumia njiani.

Saa 8 usiku akageuza macho juu. Mikono na miguu ikakakamaa, kisha ikaanza kurukaruka, mate yakatoka, midomo ikabadilika rangi. Nilipiga ukunga mpaka jirani akaja. Mama mkwe anaomba na kukemea, jirani ameshika kijiko anataka kumtia mdomoni asimeze ulimi, mume wangu amembana mikono. Mume anasema ilichukua dakika tatu, alitupia jicho saa ya ukutani. Mimi sina kumbukumbu ya muda.

Tulifika hospitali na bajaji. Nesi alimvua nguo zote akamwacha na nepi, na kabla ya kuandika chochote aliniuliza maswali manne: Ananyonya? Anatapika kila kitu anachokula? Amepata degedege? Ukimwita anaamka? Kipimo cha haraka cha malaria kikaonyesha hana. Wakapima sukari ya damu. Daktari akasikiliza kifua, akachungulia masikio, akagusa utosi, akajaribu kumkunja shingo, halafu akaomba mkojo. Tulikaa na kikopo zaidi ya saa nzima tukisubiri akojoe.

Mkojo ulikuwa na usaha. UTI. Mtoto wa miezi saba! Mimi nilijua UTI ni ugonjwa wa watu wazima. Alilazwa siku tatu akichomwa sindano, tukarudi na antibayotiki ya maji ya kumalizia nyumbani.

Jino mpaka leo naandika halijatoka.

Sasa nauliza wenye ujuzi. Kipimo sahihi cha dawa ya homa ni kipi? Na zile sweta ndizo zilizomletea degedege? Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi.

---

Mwana wa Kijenge

Pole sana mama, Mungu ni mwema mtoto amepona. Wangu naye alichemka mwezi uliopita, nikaambiwa meno vilevile. Ilikuwa sikio, niliona usaha unatoka siku ya tatu. Naendelea kufuatilia hapa.

---

Tabibu wa Pasua

Pole mama Sakina. Mimi ni tabibu, niko Moshi, na wodi ya watoto nimeifanyia kazi miaka mingi. Naanza na linalokunyima usingizi.

Degedege hukuileta wewe. Homa yoyote inayopanda inaweza kuileta kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, kwa sababu ubongo wake bado haujakomaa. Katika kila watoto mia, wawili hadi watano wataipata angalau mara moja. Sweta na blanketi zinamzuia mtoto kutoa joto, kwa hiyo siku nyingine mvalishe nguo moja nyepesi na shuka, lakini chanzo kilikuwa maambukizi kwenye mkojo. Tena hata ungempa paracetamol kwa kipimo kamili na kwa saa, degedege ingeweza kuja. Dawa ile inampunguzia mtoto maumivu na joto ili aweze kunyonya na kulala. Kuzuia degedege haiwezi.

Ikitokea tena, Mungu apishilie mbali: mlaze ubavu sakafuni au kitandani mbali na ukingo, legeza nguo za shingoni, angalia saa. Usimtie kitu mdomoni, si kijiko, si kidole, si maji, si dawa. Ulimi haumezwi. Kijiko ndicho kinachovunja meno na kuziba njia ya hewa. Usimbane mikono. Ikifika dakika 5 haijakatika, tokeni hivyohivyo mkimbilie hospitali. Ikikatika mapema bado mpelekeni, hasa ikiwa ni mara ya kwanza, kwa sababu malaria kali na homa ya uti wa mgongo nazo huanza kwa degedege, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Sasa dawa. Paracetamol inapimwa kwa uzito wa mtoto: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, na isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Kadi ya kliniki inasemaje, ana kilo ngapi?

---

Mama Wawili wa Sakina

Kilo 7.6, alipimwa mwanzoni mwa mwezi.

---

Tabibu wa Pasua

Basi anahitaji kati ya miligramu 76 na 114 kwa mara moja. Chupa nyingi za hapa zina miligramu 120 kwenye mililita 5, maana yake wako ni mililita 3.5 hadi 4.5. Ulimpa nusu ya kijiko, mililita 2.5 hivi, sawa na miligramu 60. Ndiyo maana hukuona badiliko. Halafu ukaongeza dawa ya mafua bila kujua ina nini. Safari hii jumla haikuzidi, lakini ukirudia mchanganyiko huo mara kadhaa kwa siku, linaloumia ni ini.

Na jambo hili naomba kila mzazi alisome mara mbili: kuna chupa nyingine sokoni zenye miligramu 250 kwenye mililita 5. Rangi inafanana, harufu inafanana. Mama aliyezoea kupima "kile kijiko changu" akihamia chupa hiyo anampa mtoto mara mbili ya dawa. Soma namba kwenye kibandiko kila unaponunua, na dai sirinji ya kunyweshea. Vijiko vya jikoni havilingani.

Ibuprofen isiguse mtoto wa chini ya miezi 3, wala anayetapika na kuharisha. Aspirini mtoto asipewe kabisa, inahusishwa na ugonjwa unaoshambulia ini na ubongo.

---

Fundi wa Ngaramtoni

Mkuu tabibu, kwani siku hizi malaria haipo? Sisi zamani mtoto akichemka ni kumpa mseto, asubuhi anacheza.

---

Tabibu wa Pasua

Ipo, ila kwetu huku milimani ni chache kuliko tunavyoitaja. Nikupe mfano wa hapahapa. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870, watoto na wakubwa, waliolazwa kwa homa hospitali za KCMC na Mawenzi hapa Moshi. Wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa malaria. Vipimo vya kina vilipofanyika, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, virusi, na magonjwa ya mifugo kama brusela na homa ya mgunda. Hao wote wangepewa mseto wangebaki na ugonjwa wao.

Yule aliyekuwa anacheza asubuhi pengine alikuwa na kirusi ambacho kingepita chenyewe, mseto ukapewa sifa.

Lakini usiniseme nimekataza kupima malaria. Pima kila homa. Mtoto aliyetoka Tanga au Korogwe kusalimia, au anayekaa Mabogini, Chekereni na upande wa mashamba ya mpunga na miwa, malaria yake si ya kubahatisha. Kipimo cha haraka ni tone la damu la kidoleni na dakika 15 hadi 20 za kusubiri. Ikionekana, mseto wa siku tatu na vidonge vyote viishe, hata akiamka anacheka siku ya pili.

---

Nesi Mstaafu, Kiborloni

Naongezea kwa yule anayejiuliza aende usiku au asubiri asubuhi. Namba ya kipimajoto ni muhimu, ila mwangalie mtoto. Mwenye 39.5 anayenyonya vizuri, anakutazama, anakojoa, joto likishuka kidogo anataka kucheza, huyo unaweza kumwangalia usiku na kumpeleka asubuhi. Mwenye 38.3 aliyelegea kama kitambaa, haamki kunyonya, anatapika kila kitu, au shingo imekaza, huyo anza safari sasa.

Hesabu pumzi zake akiwa ametulia, dakika nzima, usikadirie kwa nusu dakika. Kuanzia 50 kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 11, au kuanzia 40 kwa wa mwaka mmoja mpaka mitano, hiyo inaweza kuwa nimonia. Mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, usihesabu tena, nenda. Utosi uliotuna au uliobonyea uangalie akiwa amekaa na halii. Vipele vyekundu au vya zambarau ambavyo havipotei ukivibonyeza, kwa ngozi zetu tazama viganja, nyayo na ndani ya kope.

Maji ya baridi na spiriti acheni. Mtoto anatetemeka, na kutetemeka kunapandisha joto la ndani. Mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida. Akipita saa 8 bila nepi kulowa, ameishiwa maji.

Na jiko la mkaa msiliingize chumbani, kwa baridi yoyote ile. Hewa yake haina harufu na inaua familia nzima usingizini.

---

Baba wa Kwanza, Usa River (saa 4:05 usiku)

Wakuu naombeni msaada wa haraka. Mtoto wetu ana wiki tano. Tangu saa 12 jioni ana joto, kwapani 38.2. Sio kubwa kama la mama Sakina. Ananyonya kidogo anaachia, analala. Mke wangu anasema tumpe paracetamol matone machache tuangalie mpaka asubuhi. Kilo 4.3. Nimpe mililita ngapi?

---

Tabibu wa Pasua (saa 4:09 usiku)

Baba, usimpe dawa yoyote. Ondokeni sasa hivi.

Mtoto wa chini ya miezi miwili hana homa ndogo. Kwake kuanzia 37.5 kwapani ni dharura, na hata akipoa kupita kiasi, chini ya 35.5, ni dharura ileile. Hana kinga ya kuuzuia ugonjwa ukae sehemu moja, ukiingia kwenye damu unafika kwenye ubongo ndani ya saa chache. Na ananyonya kidogo anaachia, hiyo peke yake ingetosha. Ukimpa dawa joto litashuka na ninyi mtatulia, ugonjwa hautatulia.

Nendeni hospitali yenye wodi ya watoto wachanga, msianzie duka la dawa. Beba kadi ya kliniki. Mama amweke kifuani ngozi kwa ngozi, amfunike kwa nje, aendelee kumpa titi njiani.

---

Mama Wawili wa Sakina (saa 4:11 usiku)

Baba nakuomba, mimi ndiye niliyesubiri asubuhi. Usisubiri. Kama usafiri ni shida sema uko sehemu gani ya Usa.

---

Baba wa Kwanza, Usa River (saa 4:20 usiku)

Nimepata jirani mwenye bodaboda, ana gari pia, anatoa gari. Tunatoka.

---

Mwana wa Kijenge (saa 11:50 alfajiri)

Baba Usa mmefikaje? Nimeamka mara tatu kuangalia simu.

---

Mama Chali (Alhamisi)

Tukisubiri habari za baba Usa, naomba niulize bila kutukanwa. Kuna mama huku mtaani kwetu anatoa meno ya plastiki. Wanasema mtoto akichemka na kuharisha bila kupona ni hayo, ukimfungua ufizi unaona vijino vyeupe laini. Mwanangu ana miezi mitano, homa inamrudia wiki ya pili sasa. Tayari nimeelekezwa nyumba.

---

Bibi wa Kibosho (naandikiwa na mjukuu)

Mwanangu Mama Chali, hakuna wa kukutukana. Mimi nilimpeleka mjukuu wangu kwa watu hao, tena kwa miguu yangu mwenyewe. Alikuwa na miezi sita, anachemka na kuharisha. Yule mama alitumia spoku ya baiskeli iliyonolewa. Akachimba ufizi wa juu na wa chini, akanionyesha vitu vyeupe kwenye kiganja. Nikaamini kwa macho yangu.

Damu haikukata usiku kucha. Tulishuka mjini alfajiri mtoto mweupe midomo, akaongezewa damu. Daktari wa meno alinikalisha chini taratibu, akanieleza kwamba vile vijino vyeupe ni machipukizi ya chonge. Kila mtoto duniani anayo, ni laini kwa sababu hayajakomaa. Ukimfungua mtoto mzima asiyeumwa utayakuta vilevile. Mjukuu wangu kumbe alikuwa na nimonia, na mimi nilimchelewesha nikamwongezea jeraha lenye uchafu.

Leo ana miaka kumi na moja. Ndiye anayeniandikia haya. Chonge mbili za juu hazikuota, ya chini imeota imepinda. Ananiambia niandike kwamba ameshanisamehe. Usiende kwenye nyumba hiyo, mwanangu. Wala wale wanaokata kimeo usiende.

---

Mama Chali

Shikamoo bibi. Nimelia. Siendi. Kesho asubuhi tunaenda kituo cha afya, nitawaambia wapime na mkojo.

---

Nesi Mstaafu, Kiborloni

Mama Chali, homa ya wiki ya pili ni nyingi. Waambie zimeanza lini, kama kuna mtu nyumbani mwenye kikohozi cha muda mrefu, na kama mtoto anaongezeka uzito. Chukua kadi yake, mstari wa uzito utawaambia mengi. Na ukifuatwa tena na habari za meno: kuota meno kunaleta udenda, kutafunatafuna vidole, kulia usiku, joto la kupanda kidogo sana. Hakuleti 39, na kuharisha kwa wiki hakuleti.

---

Baba wa Kwanza, Usa River (Ijumaa, saa 1 jioni)

Wakuu samahani kwa ukimya, simu iliisha chaji na akili pia. Tuko hospitali. Walimtoa damu, mkojo, wakamwekea kanula kichwani maana mkononi mshipa haukupatikana. Daktari akasema wanataka kutoa maji ya uti wa mgongo. Mama yangu alikataa kabisa, alisikia mtoto anapooza. Nilikumbuka huu uzi nikaja kuusoma koridoni, lakini hilo halikuwepo. Nikamuuliza daktari mwenyewe. Alinionyesha kwa kidole kwenye mgongo wangu mimi: sindano inaingia chini kabisa, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia, panapobaki ni maji na nyuzi za neva. Nikasaini.

Maji yametoka safi. Ugonjwa uko kwenye damu. Anachomwa sindano mbili tofauti za antibayotiki. Leo saa nane amenyonya titi mpaka akasinzia nalo mdomoni.

---

Tabibu wa Pasua

Baba, umefanya vizuri kuuliza na umefanya vizuri kusaini. Wengi wanaopooza au kufa baada ya kipimo kile walifikishwa wakiwa na homa ya uti wa mgongo tayari, sindano ikabebeshwa lawama. Sindano msiruke hata moja, hata akionekana amepona siku ya tatu.

---

Mama Chali (Jumamosi)

Majibu: UTI, kama ya mama Sakina. Ameanza dawa, na amepangiwa kipimo cha picha ya figo. Bibi wa Kibosho, Mungu akupe maisha.

---

Baba wa Kwanza, Usa River (wiki mbili baadaye)

Tuliruhusiwa juzi. Swali moja, tabibu: chanjo ya wiki ya sita ilimpita tukiwa wodini. Mama yangu anasema tusubiri apate nguvu, chanjo itamrudishia homa.

---

Tabibu wa Pasua

Hongereni. Kama hana homa sasa, mpelekeni wiki hii hii, msisubiri. Chanjo ile inaweza kumpa joto siku ya kwanza au ya pili, ndiyo kinga inavyojengeka, na miongoni mwake zimo zinazozuia nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mwambie nesi wa kliniki kwamba alilazwa, na umuulize hapohapo ufanye nini akichemka, kwa sababu bado hajafikisha miezi miwili. Joto lolote akiwa chini ya umri huo ni kurudi kuonwa, hata ukihisi ni chanjo.

---

Baba wa Kwanza, Usa River (siku inayofuata)

Tumetoka kliniki sasa hivi. Kilo 4.7. Nimeandika uzito na tarehe kwenye karatasi, nimeibandika mlangoni pamoja na namba ya simu ya yule jirani mwenye gari. Mama yangu ndiye aliyempakata akichomwa.